Ubishi Juu ya "Siku Moja"

Katika maneno yote ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wa kwetu huyachukua kutoka shule ya msingi mpaka sekondari, hapana yaliyochoka kama "one day". Maneno haya mawili hufanyizwa kazi usiku na mchana. Hufungua hadithi ya sungura, hufungua habari ya ajali ya barabarani, hufungua sifa za mama mzazi, na mara moja niliyaona yakifungua maelezo ya namna ya kupika ugali. Lau yangekuwa punda, watu wa huruma wangelikwisha kumshitaki mwenye punda huyo. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuyatetea maneno hayo, pamoja na ndugu zake wote wasiotaja siku wala mwaka, mbele ya wanafunzi wanaoyatumia ovyo. Tena kuwatetea wanafunzi mbele ya walimu wenzangu ambao, kwa kuchoshwa, wameamua kuyapiga marufuku. Pande zote mbili zina kosa, na kosa hilo halikomi katika daftari la Kiingereza. Linafika mpaka katika machimbo yetu ya mawe hapa Tabaka, na katika makaburi ya babu zetu.

Tuanze na jambo lililo wazi. Mwanafunzi huandika: "One day there lived an old man." Sentensi hii nimeisoma mara nyingi katika kazi yangu ya ualimu, na kila niisomapo humhurumia mzee huyo. Aliishi siku moja tu! Asubuhi alizaliwa na mvi zake, adhuhuri akaoa, magharibi akazikwa. Mwandishi hakukusudia mauaji hayo. Alitaka kusema kuwa palikuwa na mzee, na ya kuwa mzee huyo aliishi miaka mingi kwa desturi zake, kisha likazuka jambo. Lakini amelisimamisha mlangoni neno ambalo mahali pake ni ndani ya nyumba.

Kwa hakika "one day" ni bawaba. Mlango haufunguki pasipo bawaba, walakini bawaba iliyotupwa uani peke yake haifungui kitu. Kwanza msimuliaji wa Kiingereza huweka desturi: fulani alikuwa akifanya hivi kila asubuhi, fulani hakupenda kutembea usiku, kijiji kile kilizoea kulala mapema. Lugha hiyo ina zana nyingi za kazi hii, nanyi mmefundishwa "used to" na "would" bila ya kuambiwa sababu ya kufundishwa. Desturi ikisha kukaa imara katika akili ya msomaji, ndipo "one day" hufika kuivunja.

Nitoe mfano wa hapa kwetu. Mama mmoja huchota maji kila alfajiri katika chemchemi iliyo chini ya mteremko. Miaka kumi ameshuka njia ile ile, na ndoo ile ile, akikanyaga mawe yale yale ambayo nyayo zake zimeyalainisha. Siku moja akaikuta chemchemi imekauka. Hapo "siku moja" ina nguvu ya radi, kwa kuwa ina miaka kumi nyuma yake. Sasa anza habari hiyo hiyo kwa kusema: siku moja mama mmoja alikwenda chemchemini akakuta hakuna maji. Tukio halikubadilika hata kidogo, ila radi imegeuka kuwa kiberiti kilichorowa. Msomaji atauliza: kwani jana yake yalikuwako?

Ndugu mkubwa wa maneno hayo ni "once upon a time". Huyu hana budi kuheshimiwa kwa umri wake, maana amekaa katika hadithi za Waingereza tangu karne ya 14 kwa sura moja au nyingine. Mjaribu kumtafsiri neno kwa neno nawe utapata "mara moja juu ya wakati", jambo lisilo na kichwa wala miguu. Hatafsiriki hivyo kwa sababu hasemi habari za wakati hata kidogo. Kazi yake ni kumwambia msikilizaji ni ukweli wa namna gani unaokuja: kwamba wanyama watasema, wafalme watakuwa na mabinti watatu, na asiwepo mtu wa kuuliza mfalme huyo alitawala nchi gani. Wafaransa wana "il était une fois", Wajerumani wana "es war einmal", na Waarabu wana "kan ya ma kan", maneno ambayo maana yake i karibu na kusema kulikuwako na hakukuwako. Waswahili, ambao katika jambo hili naona wamewazidi wote, hawamwachii msimuliaji kazi hiyo peke yake. Yeye husema "Paukwa", nao wasikilizaji hawana budi kujibu "Pakawa". Huo ni mkataba uliotiwa sahihi na pande mbili. Ajibuye "Pakawa" amekubali kwa kinywa chake kwamba yatakayofuata hayatapelekwa mahakamani.

Basi hekima ya kutotaja wakati ni kubwa, na asiyeiona asifundishe fasihi. Shaaban Robert alipotoa *Kusadikika* mwaka 1951, Tanganyika ilikuwa bado chini ya mamlaka ya Waingereza. Nchi aliyoisimulia ilining'inia angani, haikuwa na mahali katika ramani wala mwaka katika kalenda, na ndani yake mtu mmoja aitwaye Karama akashitakiwa kwa sababu ya kutaka watu wajifunze sheria. Kila msomaji alikuwa huru kuona mambo gani ya ardhini yanafanana na yale ya angani, na hapana hakimu aliyeweza kuonyesha tarehe ya kosa. Huo ni ufundi wa mtu aliyejua sababu ya kuficha saa. Ninachokipiga vita ni kuificha kwa kutojua kwamba ilikuwako.

Sasa niseme juu ya ugonjwa ambao sisi walimu ndio tuliouleta. Katika miaka ya mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ilienea biashara ya fungu la mwanzo la kukariri. Mtoto alifundishwa kwamba insha nzuri ya Kiingereza hufunguliwa na siku njema yenye jua kali, ndege wakilia mitini, upepo ukivuma taratibu, naye akiwa ameamka kwa furaha. Vilikuwako vijitabu vilivyouzwa kwa kazi hiyo tu. Mtoto aliyameza yote kama vidonge na kuyatema popote alipoulizwa jambo. Mtihani ule umekwisha, lakini watoto waliolelewa nao wako mbele yangu darasani, na wadogo zao wanarithi vijitabu vyao.

Niliwahi kumpa mwanafunzi kazi ya kuandika juu ya mazishi. Alikuwa amefiwa na nyanya yake majuma machache nyuma, nami nilidhani moyo wake ungemwongoza kalamu. Akaanza: "One fine sunny day". Nikamwita nikamwuliza kama siku ile ilikuwa njema. Akasema, "La, Mwalimu, mvua ilinyesha tangu usiku, hata gari lililoleta jeneza likakwama, tukalibeba mabegani." Nikamwuliza kwa nini hakuandika hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai viatu mikononi. Jibu lake lilikuwa kwamba hivyo sivyo insha inavyoanza.

Yafikirini maneno hayo, vijana. Mtoto yule alikuwa na mvua yake mwenyewe, matope yake mwenyewe, na uzito wa jeneza la nyanya yake begani, vitu ambavyo hapana mwandishi yeyote ulimwenguni angeweza kumpa. Akavitupa vyote ili apate jua la kuazima. Mimi sioni aibu kuliita jambo hilo wizi, na aliyeibiwa ni mtoto.

Kwa upande wa pili wako walimu wenzangu ambao, baada ya kusahihisha marundo ya madaftari ya namna hiyo, hukata shauri kwa hasira. Wao huandika ubaoni kwamba tangu leo hapana ruhusa ya kuanza kwa "one day", wala "once upon a time", wala "long ago". Kila hadithi na itaje siku, tarehe na saa. Matokeo yake ni insha zinazofanana na taarifa ya kituo cha polisi. Jumanne tarehe fulani, saa mbili na dakika kumi na tano asubuhi, fisi alikutana na sungura. (Tena mara nyingi saa hiyo huandikwa kwa Kiingereza kuwa "two o'clock in the morning", kwa kuwa mtoto amehesabu saa kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, na fisi maskini anatembea usiku wa manane huku jua likimwaka.) Ni haki kumhurumia mwalimu aliyechoka, lakini kumkata mtu kichwa si dawa ya kuumwa kichwa. Hadithi ya fisi haihitaji Jumanne. Haikutokea Jumanne. Ukiitia tarehe umeipa uongo ambao haukuwa nao zamani.

Nadhani pande hizi mbili zinapotea kwa kutotazama jambo moja la lugha zetu wenyewe, nami naomba mnisikilize kwa subira kidogo, maana ni jambo la sarufi, na vijana wengi wasikiapo sarufi huanza kutazama dirishani.

Mtoto wa Tabaka aanzapo kusema, husema Ekegusii. Katika lugha hiyo umbali wa wakati umo ndani ya kitenzi chenyewe. Alilolifanya mtu leo, alilolifanya karibuni, na lililotendeka siku za mbali, havisemwi kwa sura moja ya kitenzi. Mambo haya ni mengi kiasi kwamba W. H. Whiteley, mtaalamu wa lugha aliyefanya kazi nyingi juu ya Kiswahili pia, alitoa mwaka 1960 kule Kampala kazi nzima juu ya nyakati za vitenzi vya Ekegusii peke yake. Kwa hiyo bibi asimuliapo jikoni, hana haja ya kutaja siku ili mjukuu ajue kama jambo ni la juzi au la kale. Kitenzi kimekwisha kumwambia.

Kiswahili hakina mgawanyo huo. "Alikwenda" ni yule aliyekwenda leo asubuhi, na "alikwenda" ni yule aliyekwenda kabla ya reli kujengwa. Lakini Kiswahili hujilipa kwa njia nyingine: kina jana na juzi, kina kesho na kesho kutwa, kina mtondo na mtondogoo, ambavyo Kiingereza hakina neno moja moja la kuvitaja. Tena kina "-ka-", kiungo kidogo kinachoyafunga matukio kama shanga uzini: akainuka, akachukua jembe, akatoka, akakutana na nyoka. Hamna haja ya neno jingine.

Mtoto huyu sasa aingia katika Kiingereza. Kitenzi "went" nacho hakitambui umbali: leo asubuhi na siku za Nuhu ni mamoja kwake. Ni kweli ipo "has gone", lakini hiyo ina kazi yake nyingine. Kwa hiyo mzigo wote wa umbali, uliokuwa umebebwa na kitenzi jikoni kwa bibi, huangukia maneno yaliyo nje ya kitenzi: "the other day", "in those days", "some years before", "not long after", "the year my brother was born". Mwanafunzi asiyefundishwa hayo huingia katika Kiingereza akiwa maskini kuliko alivyokuwa nyumbani kwao. Huwa na "one day" la kuanzia, na "then" la kutafsiria kila "-ka-". Ndiyo sababu insha zao huenda zikipiga "then" na "then" na tena "then" kama mtu anayegonga patasi juu ya jiwe moja mahali pamoja. Si upungufu wa akili. Ni kwamba ameambiwa avuke mto na daraja limeondolewa.

Na katika hayo machache anayopewa kuna mitego. "The other day" wengi hulitafsiri kuwa siku nyingine, kumbe maana yake ni juzi juzi hivi. "One day" laweza kutazama nyuma au mbele kama "siku moja" yetu, lakini "some day" hutazama mbele tu. Aliyeandika kuwa "some day" alikwenda Kisii kununua viatu bado hajaondoka nyumbani. Na "one of these days" mara nyingi huwa na harufu ya ahadi ya mlevi au kitisho cha jirani. Haya mtayapata katika vitabu vyenu vya sarufi, sina haja ya kuyarefusha.

Nirudi katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Maneno yasiyotaja wakati hayana kosa yanapokaa katika hadithi za kubuni. Yanaanza kuua yanapohamia katika mambo yaliyotokea.

Mnamo Januari 1908, katika nchi hii ya Wagusii, kijana wa Kitutu aitwaye Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akitawala wilaya, G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Husimuliwa kwamba mwanamke mtabiri, Moraa, ndiye aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote hakufa kwa jeraha lile; aliishi, akapanda vyeo, akawa Gavana wa Hong Kong tangu 1937 mpaka 1941. Lakini serikali ilipeleka askari, na adhabu iliyotolewa kwa kijiji baada ya kijiji ilikuwa kali hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika Ofisi ya Makoloni kule London, akapeleka simu ya kulalamikia wingi wa watu waliouawa. Otenyo alikamatwa akauawa. Watu wa kwao husimulia mpaka leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Niliwahi kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika habari hiyo kwa Kiingereza. Karibu wote walianza kwa "long time ago" au "once upon a time there was a warrior". Hapo ndipo nilipoona hatari yenyewe. Maana mtu wa nchi nyingine akisoma insha hiyo atajibu moyoni mwake "Pakawa". Atamweka Otenyo katika rafu moja na zimwi na fisi na mfalme mwenye mabinti watatu. Northcote ana mwaka wake, ana cheo chake, ana orodha ya miji aliyoitawala. Simu ya Churchill ina tarehe. Katika ugomvi mmoja, upande mmoja una kalenda na upande mwingine una "hapo zamani za kale"; je, msomaji atamwamini nani kuwa aliishi kweli? Aliyepigwa risasi mwaka 1908 ni mtu, naye ana ndugu wanaoweza kudai haki yake. Aliyepigwa risasi "once upon a time" hana mdai.

Ndivyo ilivyo pia kwa mambo ya Septemba 1914, Wajerumani walipoingia mji wa Kisii kutoka upande wa Tanganyika, wakapigana na Waingereza tarehe 12 mwezi huo. Waingereza walipouacha mji, wenyeji waliingia maofisini na madukani wakachukua mali. Waingereza waliporudi wakawaadhibu vikali. Habari hii ikisimuliwa bila mwaka, huwa ni kisa cha watu wakorofi waliovunja maduka. Ikisimuliwa kwa mwaka wake, msomaji huhesabu: tangu 1908 mpaka 1914 ni miaka sita tu. Wale waliovunja maduka walikuwa wameona nyumba zao zikichomwa wakiwa watu wazima tayari. Tarehe mbili zikiwekwa pamoja zimefanya kazi ambayo kurasa kumi za sifa na matusi zisingeweza.

Lakini msidhani kuwa nasema habari za vita na magavana tu. Jambo hili liko sokoni. Tabaka yetu inajulikana kwa jiwe la sabuni, jiwe laini lenye rangi nyeupe, waridi, kijivu na nyingine nyingi, ambalo wanaume hulichimba na kulichonga, na wanawake hulisugua kwa msasa na maji mpaka likang'aa. Ndege wa Elkana Ong'esa, mchongaji mzaliwa wa hapa, yuko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Siku za likizo nilipita katika kibanda kimoja cha wachongaji, nikamkuta mwanafunzi wangu akimsaidia baba yake kuzungumza na mnunuzi mgeni. Mgeni aliuliza kwa Kiingereza kazi hii ilianza lini katika ukoo wao. Kijana akajibu kwa ufasaha mkubwa: "Once upon a time our forefathers discovered a magic stone." Mgeni akatabasamu vizuri sana, kama mtu anayetabasamia mtoto. Kisha akaomba bei ipunguzwe.

Baba mtu, ambaye Kiingereza hakimtii hofu wala hamu, akamwuliza mwanawe kwa Ekegusii amemwambia nini mgeni. Alipotafsiriwa akakunja uso. Akasema kwamba baba yake yeye alifundishwa kuchonga na mjomba wake, kwanza vikombe na viko vya tumbaku, baadaye sanamu za wanyama. Kwamba alianza kuuza kwa wageni kabla ya Uhuru. Kwamba shimo walilokuwa wakichimba lilijaa maji katika mvua kubwa iliyotangulia Uhuru kwa miaka kama miwili hivi, ndipo wakahamia shimo la sasa. Yote hayo hayana tarehe hata moja kwa namna ya kalenda, lakini hayana hata chembe ya "hapo zamani za kale". Kila neno lina kitu kilichokuja mbele yake na kitu kilichokuja nyuma yake. Kijana aliyatafsiri maneno hayo kwa taabu, na mgeni akatoa daftari dogo akayaandika. Sisemi kwamba bei ilipanda, sikungoja nione. Nasema kwamba mgeni aliacha kutabasamu akaanza kusikiliza.

Kuna watakaonipinga kwa kusema kuwa wazee wetu hawakuwa na kalenda, na ya kuwa kuwadai tarehe ni kuwavisha kanzu isiyo yao. Hoja hii hutolewa kwa nia njema, lakini ni matusi yaliyovaa nguo za heshima. Mzee asiyejua kusoma hukuambia kuwa jambo lilitokea wakati wa vita vya Mjerumani, mwaka wa nzige, baada ya fulani kutahiriwa na kabla ya fulani kuoa. Hizo ni nanga. Mwenye kujua nanga hizo aweza kuzifunga kwa kamba mpaka zikaufikia mwaka. Asiyekuwa na wakati ni huyu mjukuu aliyepita shuleni, ambaye husikia nanga zote hizo kwa bibi, kisha huzikusanya, huzitupa mtoni, na huandika "long time ago" kwa sababu aliambiwa kuwa huo ndio uzuri wa Kiingereza. Na siku shauri la shamba au la shimo la mawe litakapofika mbele ya wazee au mbele ya hakimu, neno "zamani" litasimama pale bila miguu, na karatasi ya jirani yenye tarehe itatembea.

Wengine watasema kuwa mtahini hupenda mianzo ile ya kukariri. Hawa nawajibu kwa ufupi: mtahini ni binadamu aliye na rundo la karatasi mezani, na jua lile lile limemchomoza mara mia kabla ya kufika kwenu.

Nami darasani kwangu sikupiga marufuku neno lolote. Nimeweka masharti mawili tu. Atakaye kuandika "one day" kwanza aandike sentensi mbili za desturi ambayo siku hiyo itaivunja; akishindwa kuzipata, basi hana siku bado. Na atakaye kuandika habari iliyotokea kweli, asiseme "long ago" mpaka awe amekwenda kwa mtu mzima kuuliza jambo hilo lilikuja baada ya nini na kabla ya nini.

Msichana mmoja alitii sharti hilo la pili kwa bidii. Alitaka kuandika juu ya shimo la mawe lililo karibu na kwao, akaenda kwa bibi mmoja jirani kumwuliza lilifunguliwa lini. Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, mimi nitajuaje miaka? Ninachojua ni kwamba mwanangu wa kwanza alikuwa amezaliwa, lakini alikuwa hawezi bado kushuka mteremko ule peke yake, maana siku waliyoanza kuchimba nilikuwa nimembeba nikitazama." Msichana akaomba kuona kitambulisho cha huyo mwana, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi. Kilisema 1961. Kisha akaenda mwenyewe kuutazama mteremko, akakadiria kwamba mtoto hawezi kuushuka peke yake kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne. Akaandika katika daftari lake, kwa Kiingereza kisicho na jua wala ndege, kwamba shimo lile lilifunguliwa kati ya 1961 na 1965, na kwamba mtu aliyeshuhudia alikuwa amebeba mtoto mgongoni.

Nikamwuliza kwa nini alitaja mtoto, maadamu miaka alikwisha kuipata. Akasema, "Mwalimu, mtoto ndiye tarehe."